Mashine ya kemia ya maabara: nusu otomatiki, huria au funge? Utendaji na gharama ya kila jibu

Anayenunua mashine ya kemia, ile inayopima vitu kama glukosi, kreatinini na vimeng'enya katika damu, kwa ajili ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya huwekewa mezani bei mbili: bei ya mashine na bei ya boksi la vitendanishi (kemikali za kupimia). Zote mbili hazimwambii atakachotumia. Kinachofaa kulinganishwa ni gharama ya jibu moja lililomfikia daktari, na ndani yake ziwemo kontroli (sampuli yenye jibu linalojulikana, ya kuhakiki mashine), kalibreta (ya kuirekebisha mashine), marudio, kitendanishi kinachobaki chini ya chupa, taa, maji, umeme na fundi. Hesabu hiyo ikifanywa, mpangilio wa bei hubadilika, na kinachoubadilisha zaidi ni idadi ya majibu mnayotoa kwa siku.

Hapa tunalinganisha aina zinazokutwa sana katika maabara za Tanzania na Kenya. Nusu otomatiki ni ile ambayo mtu hupima kwa pipeti, husubiri, kisha mashine hufyonza mchanganyiko na kuusoma. Humalyzer 3500, Erba Chem-7 na Mindray BA-88A zimo humu. Otomatiki huria, kama Mindray BS-200, hufanya kazi zote yenyewe na hukubali vitendanishi vya kampuni yoyote. Funge ni kama Roche cobas c 111 na c 311: vitendanishi ni vya mtengenezaji peke yake na mashine huvitambua kwa msimbo wake. Zile za slaidi kavu, kama Fujifilm Dri-Chem NX500 na VITROS, nazo ni funge, ila zina tabia zao na zinastahili safu yao.

| | Nusu otomatiki | Otomatiki huria | Funge ya majimaji | Slaidi kavu |
|---|---|---|---|---|
| Kasi iliyoandikwa | hutegemea mikono, kama 20 hadi 40 kwa saa | vipimo 200 kwa saa (BS-200) | vipimo 300 kwa saa (c 311) | hadi 128 kwa saa (NX500) |
| Kitendanishi kwa kipimo | mikrolita 500 hadi 1,000 | mikrolita 180 hadi 350 | hutegemea mashine | slaidi moja |
| Sampuli kwa kipimo | kwa kawaida mikrolita 10, vimeng'enya hadi 100 | mikrolita 2 hadi 30 | mikrolita 2 hadi 10 kwa vipimo vingi | mikrolita 10 |
| Maji safi ya maabara | kidogo, ya kusuuzia | mengi | mengi | hayahitajiki |
| Kosa linaloingia mara nyingi | pipeti na muda | maji, programu ya kipimo, pua (sindano ya kufyonzea) kuziba | maji, pua kuziba | uhifadhi wa baridi |
| Vitendanishi hununuliwa | popote | popote | kwa wakala mmoja | kwa wakala mmoja |

Tahadhari moja kuhusu safu ya huria: baadhi ya mashine za aina hiyo huuzwa katika nchi fulani zikiwa zimefungwa kwa programu, ingawa muundo wake ni ule ule. Mwuzaji aandike kwa maneno kwamba njia za vipimo ziko wazi na nywila ya kuzihariri mtapewa.

Usahihi unapotea wapi

Mashine zote za majimaji hufanya jambo lile lile. Huchanganya sampuli na kitendanishi, hushikilia joto la nyuzi 37 za Selsiasi, hupitisha mwanga na kupima kiasi kilichofyonzwa. Zinapoachana ni nani anayepima ujazo.

Kwenye nusu otomatiki ni mkono wa mtu. Glukosi kwa kawaida huchukua mikrolita 10 za serumu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) katika mikrolita 1,000 za kitendanishi. Pipeti iliyopotoka kwa nusu mikrolita, au tipu iliyobeba kijitone kwa nje, tayari imeleta kosa la asilimia 5. Kanuni za Marekani za ubora wa maabara, CLIA, zilizoanza kutumika mwaka 2025 zinaruhusu glukosi ipotoke kwa asilimia 8 katika majaribio ya umahiri (au miligramu 6 kwa desilita, ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi). Zaidi ya nusu ya posho hiyo ya kosa imeliwa kabla mwanga haujapita. Kwa hiyo bei ya nusu otomatiki ambayo haina pipeti mbili nzuri, pamoja na uhakiki wa pipeti hizo kwa mizani angalau mara moja kwa mwaka, ni bei pungufu.

Tazama ALT, kimeng'enya cha ini, kwa karibu. Mikrolita 100 za serumu kwenye mikrolita 1,000 za kitendanishi, ikisomwa kwenye nanomita 340, hutumia kizidisho cha 1768. Jibu la 40 U/L, ambalo ni karibu na mpaka wa kawaida, linatokana na badiliko la ufyonzaji la 0.0226 tu kwa dakika. Kipovu cha hewa kikiyumbisha usomaji kwa 0.005, jibu linahama karibu vizio 9. Vipovu hivyo huletwa na mrija wa pampu uliochoka: ukiutoa ukaona umebonyea na haurudi kuwa duara, ubadilishe. Joto nalo lina uzito wake. Kitendanishi kilichotoka friji na kusomwa kabla ya kupata joto huanza polepole, na kasi ya kimeng'enya hubadilika kwa asilimia 5 hadi 10 kwa kila nyuzi moja.

Kuna ugonjwa mmoja wa aina zote hizi za majimaji unaolaumiwa vibaya, nao ni taa. Taa ya halojeni hudumu kati ya saa 1,000 na 2,000, na mwanga wake ni hafifu upande wa nanomita 340 hata ikiwa mpya. Inapozeeka, ALT, AST (kimeng'enya kingine kinachopimwa kwa ini) na urea ya kimeng'enya huanza kuyumba, wakati glukosi inayosomwa karibu na nanomita 505 bado inapita kontroli bila shida. Mtu huona ALT peke yake imeharibika, hutupa kitendanishi kizima, hufungua boksi jipya, na tatizo hubaki pale pale. Kabla ya kugusa kitendanishi, soma ripoti ya nguvu ya mwanga kwenye 340 na uilinganishe na ya siku taa ilipofungwa. Mashine inayoachwa inawaka usiku na mchana humaliza saa 2,000 kwa siku 83. Inayowashwa saa 8 kwa siku hufika siku 250. Weka taa mbili kwenye bajeti ya mwaka kwa maabara ya zamu moja, na nne hadi tano kwa maabara isiyozima.

Otomatiki huondoa kosa la pipeti na kuleta mengine. Pua inayofyonza kitendanishi kimoja baada ya kingine inaweza kubeba masalia. Kitendanishi cha ALT kina kimeng'enya cha LDH ndani yake, hivyo kipimo cha LDH kikifuata ALT bila kusuuza vizuri, jibu la mgonjwa hupanda bila sababu. Kitendanishi cha trigliseridi kina lipasi na hufanya vivyo hivyo kwa kipimo cha lipasi. Mashine nyingi zina ukurasa wa kupanga vipimo visivyofuatana, lakini kwenye mashine huria ukurasa huo huja mtupu na ni kazi yenu kuujaza. Kisha kuna nyuzi za fibrini. Serumu iliyozungushwa kabla damu haijaganda sawasawa huacha uzi unaoziba pua nusu, na vipimo vyote vya mgonjwa huyo hutoka chini kwa pamoja. Acha damu igande dakika 30, izungushe dakika 10, na ukiona albumini, glukosi na kolesteroli zote ziko chini kwa mtu mmoja, rudia kabla ya kuamini. Mwulize mwuzaji kama pua ina kitambuzi cha bonge. Vitambuzi vingi vya mashine ndogo hutambua kiwango cha majimaji tu.

Faida kubwa ya mashine funge ipo hapa, na ndiyo inayolipiwa. Mtengenezaji amejaribu kitendanishi, kalibreta na mashine kama kitu kimoja. Mawimbi ya mwanga, ujazo na dakika za kusoma vimo ndani ya msimbo. Kwenye huria wewe ndiye unayeandika programu ya kipimo. Kreatinini ya njia ya Jaffe ni mtihani mzuri: bilirubini huishusha, ketoni na baadhi ya dawa za jamii ya sefalosporini huipandisha, na njia mojawapo kubwa ya kupunguza hayo bila kubadili kitendanishi ni kusoma katika dirisha sahihi la sekunde. Ukinunua boksi la kampuni nyingine mwezi ujao kwa sababu lilikuwa nafuu, na ukaacha dirisha la zamani, umebadilisha kipimo bila kumwambia daktari. Kwa hiyo huria inafaa pale ambapo maabara ina mtu anayeweza kusoma karatasi ya maelezo ya kitendanishi na kuihamishia kwenye mashine, na mwingine wa kuhakiki alichoandika. Bila watu hao, uhuru wa kununua popote unageuka chanzo cha majibu mabovu.

Ili kulinganisha mashine mbili kwa namba moja, tumieni sigma: kosa linaloruhusiwa, ukitoa mkengeuko (umbali wa wastani wenu na jibu la kweli), ukagawanya kwa CV (asilimia ya majibu kutawanyika kipimo kikirudiwa). Chukua glukosi yenye posho ya asilimia 8. Nusu otomatiki yenye mkengeuko wa asilimia 2 na CV ya asilimia 4 inapata 1.5. Otomatiki yenye mkengeuko ule ule na CV ya 1.5 inapata 4. Yenye mkengeuko wa 1 na CV ya 1.2 inafika 5.8. Hizo ni namba za mfano wa kukokotoa. Zenu zitatoka kwenye kontroli zenu. Maana yake kwa mfuko ni hii: kipimo chenye sigma chini ya 3 kinataka kontroli nyingi na marudio mengi ili kuaminika, na kila kontroli inakula kitendanishi sawa na mgonjwa.

Slaidi kavu zina asili inayoeleza tabia yake. Kodak na Fujifilm walikuwa watengenezaji wa filamu za kamera, na ujuzi wa kupaka tabaka nyembamba juu ya plastiki wakauhamishia kwenye damu. Kitendanishi kimo kwenye tabaka, serumu inashuka kupitia tabaka hizo, na mashine husoma mwanga unaorudi. Hakuna maji, hakuna mirija mirefu, hakuna masalia kutoka kipimo hadi kipimo. Udhaifu wake ni baridi na unyevu. Slaidi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 au kwenye jokofu la kugandisha kulingana na aina, na slaidi iliyofunguliwa ikakaa mezani siku ya masika hunyonya unyevu na kuharibika bila dalili ya macho.

Kasi ya karatasi na kasi ya asubuhi

Vipimo 200 kwa saa havianzi saa mashine inapowashwa. Joto hutulia, maji husomwa kama blanki (sifuri ya kuanzia), kontroli mbili hupita. Hapo kuna dakika 40 hadi 60. Jibu la kwanza hutoka baada ya kama dakika 10 za mmenyuko, na baadhi ya mashine hupoteza kasi kwa vipimo vya vitendanishi viwili. Wagonjwa 40 wenye vipimo 6 kila mmoja ni vipimo 240: saa moja na dakika 12 kwa karatasi, karibu saa mbili na nusu kwa saa ya ukutani. Kwa nusu otomatiki kazi hiyo hiyo, kwa mtu mmoja mwenye kasi ya vipimo 30 kwa saa, ni saa 8. Maabara chache za wilaya zina mtu wa kumweka hapo siku nzima, na hilo peke yake huamua mambo kabla ya kufika kwenye fedha.

Hesabu ya jibu moja

Hesabu ifuatayo imejengwa kwa bei za kufikirika, ili ionekane inavyokwenda. Badilisheni namba kwa za ankara zenu.

Tuseme kitendanishi cha mililita 200 ni shilingi 80,000, na ni kile kile kwa mashine zote mbili. Nusu otomatiki hutumia mililita 1, hivyo boksi ni vipimo 200, kila kimoja shilingi 400. Otomatiki huria hutumia mililita 0.2, yaani vipimo 1,000. Toa asilimia 10 inayobaki chini ya chupa ambako pua haifiki: vipimo 900, kila kimoja shilingi 89.

Sasa siku ya kazi. Wagonjwa 15 wa kipimo hicho, kontroli 2, kalibreta 1, marudio 2: mashine imetumia vipimo 20 kutoa majibu 15. Nusu otomatiki: 20 mara 400, gawanya kwa 15, ni shilingi 533. Huria: 20 mara 89, gawanya kwa 15, ni shilingi 119. Kila jibu linaokoa shilingi 414.

Upande wa pili ni gharama zisizohama. Nusu otomatiki ya shilingi 6,000,000 kwa miaka 7, pamoja na shilingi 1,000,000 za matunzo kwa mwaka, ni kama shilingi 1,860,000 kwa mwaka. Huria ya 30,000,000 kwa miaka 7, pamoja na 6,000,000 za fundi, taa, sabuni, maji na umeme, ni kama 10,290,000. Tofauti ni 8,430,000. Gawanya kwa 414, upate majibu 20,360 kwa mwaka. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, ni karibu majibu 65 kwa siku. Hao ni wagonjwa 13 wenye vipimo vitano kila mmoja. Chini ya hapo nusu otomatiki inashinda kwa fedha. Juu yake huria huanza kujilipa, na pengo hukua haraka.

Hesabu hii ina pingamizi moja la kweli: vipimo adimu. Kipimo chenye wagonjwa 4 kwa mwezi hakifuati mfano wa juu. Chupa ya shilingi 40,000 ikifunguliwa na kukaa ndani ya mashine, maisha yake ni kama siku 30. Majibu manne, kila moja shilingi 10,000. Kwa slaidi ya shilingi 2,500, wagonjwa 4 wa siku tofauti pamoja na kontroli 2 kila siku ni slaidi 12, shilingi 30,000, yaani 7,500 kwa jibu. Slaidi ni nafuu kidogo hapo, ingawa kwa kipimo cha kila siku ni ghali mno: wagonjwa 15 na kontroli 2 kwa bei hiyo ni zaidi ya shilingi 2,800 kwa jibu, ukilinganisha na 119. Mara nyingi kilicho bora kwa vipimo adimu ni kutuma sampuli hospitali ya rufaa na kuondoa kipimo hicho kwenye mashine yenu kabisa. Orodha ndefu ya vipimo hupendeza kwenye bango la mapokezi, lakini kila kipimo kinachoongezwa kina kalibreta yake na chupa yake inayokwisha muda.

Vitendanishi vyenye alkali, kama vya kreatinini na ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa), hunyonya kaboni dioksidi ya hewani vikiwa wazi ndani ya mashine. Muda wa siku 30 ulioandikwa ni wa chupa inayofunikwa usiku na kurudishwa friji. Mashine nyingi huacha kupoza sahani ya vitendanishi umeme mkuu ukizimwa, kwa hiyo jioni hamisheni chupa, au acheni swichi ya upoozaji ikiwa imewashwa.

Maji na umeme

Hapa ndipo otomatiki za majimaji huanguka, na sioni sababu ya kununua mojawapo bila kununua mfumo wa maji siku ile ile. Maji ya maabara ya kitabibu kwa kiwango cha CLSI, taasisi ya viwango vya maabara, yanatakiwa kuwa na ukinzani wa angalau megaohmu-sentimita 10, yaani upitishaji usiozidi 0.1 mikrosimensi kwa sentimita, na bakteria wasiozidi 10 kwa mililita. Watengenezaji wa mashine ndogo huridhika na chini ya mikrosimensi 1. Maji ya chupa ya dukani hayafai; yana madini kwa makusudi.

Dalili ya maji mabaya ni ya kipekee. Kalsiamu na magnesiamu hupanda kwa madini. ALP hupanda kwa sababu bakteria waliojenga ute kwenye ndoo ya maji wana fosfatasi yao. Kontroli za vipimo hivyo zikipanda pamoja wakati albumini imetulia, acheni kalibresheni, mwageni ndoo, ioshwe na hipokloriti iliyochanganywa kwa maji, isuuzwe mara tatu, kisha mpime upitishaji kwa mita ya mkononi. Katriji ya resini hufa mapema sana pale maji ya kisima yanapoingia moja kwa moja. Chujio la mashapo, kaboni na osmosisi kinyume vitangulie. Weka bei ya katriji kwenye gharama za mwaka, maana zabuni nyingi huisahau.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kila kyuveti (kikombe kidogo cha kupimia) iliyokuwa na mmenyuko imepotea, pamoja na kitendanishi chake. UPS iwe ya mtandaoni, ile inayopitisha umeme kwenye betri muda wote. Ya kawaida ya kompyuta huchelewa kuruka na mashine hujizima. Ukubwa upatikane kwa kujumlisha wati za mashine, kompyuta na pampu ya maji, kisha uongeze nusu. Slaidi kavu na nusu otomatiki hapa zina raha: mzigo wake ni mdogo, na nusu otomatiki inaweza kuendeshwa kwa sola ya kituo cha afya bila kulemea friji ya chanjo.

Potasiamu

Sodiamu, potasiamu na kloridi hupimwa kwa elektrodi, na wauzaji hupenda kuongeza moduli hiyo ndani ya mashine ya kemia. Fikirieni mara mbili. Elektrodi zinahitaji kulowana na kukalibretiwa saa zote, hata usiku usio na mgonjwa, na pakiti ya majimaji yake huisha kwa kalenda. Kwa wagonjwa 5 kwa siku, sehemu kubwa ya pakiti hunywewa na mashine yenyewe. Moduli ikiharibika, wakati mwingine mashine nzima husimama. Mashine ndogo ya elektrolaiti iliyo peke yake hufanya kazi usiku bila kuwasha kemia yote, na kwa kawaida hupima moja kwa moja bila kuzimua, hivyo sodiamu haishuki kwa uongo kwa mgonjwa mwenye mafuta mengi kwenye damu. Moduli ya ndani ina maana kwa maabara yenye makumi ya maombi ya elektrolaiti kila siku. Kumbuka pia kwamba posho ya potasiamu kwa CLIA ni 0.3 mmol/L tu, na serumu iliyoachwa juu ya chembe za damu kwa saa kadhaa inaweza kuizidi hiyo kabla ya kufika kwenye mashine yoyote.

Kuhusu FBP, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, ambayo Kenya huiita FHG, chaguo la huria karibu halipo. Mashine za damu nyingi ni funge. Swali la pale ni makundi 3 au 5 ya chembe nyeupe. Sysmex XP-300, ya makundi 3, husoma sampuli 60 kwa saa kwa mikrolita 50 za damu na inatosha wilaya nyingi, ila eosinofili (kundi mojawapo la chembe nyeupe) hazionekani peke yake. Hesabuni majimaji ya kuwasha na kuzima kila siku. Kwa maabara ya sampuli 8, hayo ni sehemu nzito ya gharama.

Mashine ya kuwekewa

Mkataba wa kuwekewa mashine bila kuinunua, mkilipa kupitia vitendanishi, unaweza kuwa mzuri au mbaya kwa mashine ile ile. Tuendelee na mfano. Mkataba wa miaka 5, shilingi 350 kwa jibu, dhidi ya 119 ya huria mliyonunua wenyewe: mnalipa 231 zaidi. Kununua kungewagharimu 30,000,000, na matunzo ya 4,500,000 kwa mwaka baada ya kuondoa maji na umeme ambavyo mtalipa vyovyote, jumla 52,500,000. Gawanya kwa 231, upate majibu 227,000 kwa miaka mitano, kama 145 kwa siku. Maabara ya majibu 80 kwa siku inanufaika na kuwekewa. Ya majibu 300 inamlipia wakala mashine zaidi ya mbili.

Hilo litashika ikiwa 350 ni kwa jibu lililotoka. Ikiwa ni kwa kipimo kilichotumika, kontroli, kalibreta na marudio vinalipiwa pia, na kwa uwiano wetu wa 20 kwa 15, 350 inakuwa 467. Mstari huo mmoja ndio wa kwanza kuutafuta kwenye rasimu. Kisha tafuteni: kiwango cha chini cha ununuzi kwa mwezi na kinachotokea msipokifikia; kama bei imefungwa kwa shilingi au inafuata dola; saa ambazo fundi lazima awe amefika, na nani hulipia sampuli zinazotumwa kwingine mashine ikiwa imelala; muda wa chini uliobaki kabla ya kitendanishi kuisha siku ya kupokelewa; na nani anabadilisha taa. Kwa maabara za serikali Tanzania, angalieni kwanza vitendanishi gani Bohari ya Dawa (MSD) inaviweka kwenye ghala. Mashine nzuri ambayo vitendanishi vyake havipo kwenye orodha ya MSD italazimisha manunuzi ya pembeni kila mwezi, na kila manunuzi ya pembeni yana wiki zake za kusubiri.

Ijaribuni kabla ya kusaini

Dai jaribio la wiki moja, na malipo ya mwisho yafungwe kwenye matokeo yake. Kontroli za viwango viwili, mara 5 kwa siku, siku 5, kama utaratibu wa CLSI EP15 unavyotaka; hapo mnapata CV yenu halisi. Sampuli 40 za wagonjwa, zenye majibu ya chini, ya kati na ya juu, zipimwe pia kwenye mashine mliyo nayo au ya hospitali ya rufaa ndani ya saa nne. Chora grafu, pointi moja iliyokaa mbali ina hadithi, ifuatilieni.

Masalia ya sampuli hupimwa hivi: pima sampuli ya juu mara tatu mfululizo (J1, J2, J3), kisha ya chini mara tatu (C1, C2, C3). Toa C3 kwenye C1, gawanya kwa tofauti ya J3 na C3, zidisha kwa 100. Ikizidi asilimia 1, pua haisuuzwi vya kutosha. Mwisho, waambieni mafundi wazime umeme ukutani katikati ya kazi, wawashe, na mwone kama mashine inakumbuka sampuli gani zilikuwa hazijaisha.

Kwa maabara ya chini ya majibu 65 kwa siku, tungechukua nusu otomatiki mbili za muundo mmoja, pipeti nzuri na mashine ndogo ya elektrolaiti. Mashine ya pili huokoa kazi ile ya kwanza ikiharibika. Slaidi kavu ichukue nafasi hiyo pale ambapo maji ni shida na vipimo ni vichache vya dharura. Kati ya 65 na 145, ya kuwekewa: huria ikiwa mna watu wawili wa kusimamia programu za vipimo, funge ikiwa hamna. Juu ya 145, nunueni, na ile nusu otomatiki ya zamani msiiuze: iwekeeni kitendanishi cha glukosi, kreatinini na ALT, iwashwe kila Jumatatu na kontroli zake zipite, ili siku mashine kubwa inaposimama iwe tayari.